Mgeni Hula Alichokuja Nacho

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Bariadi)

Awali ya yote sina budi kuishukuru Kamati kwa heshima iliyonipa ya kusema machache mbele yenu. Ndugu Katibu aliponiandikia barua aliniomba nizungumzie maisha ya mwanafunzi ugenini, kwa kuwa inajulikana kwamba mwajiri wangu, yaani Serikali, alinipa ruhusa ya kwenda Uholanzi kusoma shahada ya pili. Nimeyafikiria sana maneno hayo, na nimeona kwamba nikianza kuwasimulia habari za theluji na treni nitawachosha kabla chakula hakijaiva. Kwa hiyo nimeamua kuzungumzia sinema moja tu. Niliitazama huko huko, na haikunipendeza. Kwa zaidi ya miaka 10 nimekuwa nikijiuliza kwa nini haikunipendeza. Sababu kadhaa nimezipata ndani ya sinema yenyewe, na moja nimeipata ndani yangu mimi. Hiyo ya mwisho ndiyo hasa iliyonifanya nikubali kusimama hapa.

Niliondoka nchini mwezi wa Agosti 2011. Wakati huo Bariadi ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Shinyanga. Niliporudi mwaka 2012 nilikuta imekuwa makao makuu ya mkoa mpya wa Simiyu, hata barua yangu ya kuripoti kazini ikabidi iandikwe upya. Huko Uholanzi nilipangiwa chumba katika nyumba ya wanafunzi yenye ghorofa nyingi. Kila korido ilikuwa na vyumba kumi na jiko moja la wote. Katika korido yetu walikuwamo vijana wawili wa Hispania, Mjerumani, Mtaliano, msichana wa Kifaransa, Mpoland, Mchina, na bwana mmoja wa Indonesia aliyekuwa mtumishi wa serikali kama mimi. Wale wa Ulaya walikuwa wamekuja kwa mpango wao wa kubadilishana wanafunzi uitwao Erasmus, kila mmoja kwa miezi michache, kisha hurudi kumalizia masomo chuoni kwao.

Jumamosi moja ya mwezi wa Januari, nje kukiwa na giza tangu saa kumi na moja ya jioni, Wahispania wale walibandika shuka ukutani jikoni, wakaleta projekta, wakatuita wote. "Njooni mtazame sinema yetu," wakasema. "Haya ndiyo maisha yetu." Jina la sinema hiyo kwa Kifaransa ni L'Auberge espagnole, ambayo tafsiri yake ya moja kwa moja ni nyumba ya wageni ya Kihispania. Mwongozaji wake ni Mfaransa, Cédric Klapisch, nayo ilitoka mwaka 2002.

Hadithi yenyewe ni hii. Kijana wa Paris aitwaye Xavier anasomea uchumi. Bwana mkubwa mmoja anayefahamiana na baba yake anamwambia kwamba akijua Kihispania na hali ya uchumi wa Hispania, atampatia kazi wizarani. Xavier anajaza fomu nyingi, anamwacha mama na mchumba wake wakilia, anakwenda Barcelona kwa mwaka mmoja. Mwanzoni anapewa hifadhi na daktari mmoja kijana wa Kifaransa na mkewe. Baadaye anapata chumba katika nyumba iliyopangwa na wanafunzi wa mataifa mbalimbali: Mwingereza Wendy, Mjerumani, Mtaliano, Mdenmark, Mhispania mmoja, na baadaye msichana wa Ubelgiji. Wanapika, wanagombana, wanakunywa, wanapendana na kuachana. Mwaka unakwisha, wanaagana kwa machozi, Xavier anarudi kwao.

Ndugu zangu, nisiwe mchoyo wa sifa. Yako mambo sinema hii iliyapata sawasawa, na aliyelala bwenini atayatambua mara moja. Ndani ya friji kila mtu ana mahali pake, na ole wake atakayegusa siagi ya mwenziwe. Kando ya simu imebandikwa karatasi inayofundisha namna ya kusema, kwa lugha ya kila mwenye nyumba, kwamba fulani ametoka. Yupo pia mwalimu wa chuo anayefundisha kwa Kikatalani. Mwanafunzi mgeni anapomwomba atumie Kihispania, anakataa kabisa. Hapo nilicheka peke yangu, kwa kuwa nilikumbuka siku yangu ya kwanza shuleni nikitokea kijijini, nikiwa sijui Kiingereza hata cha kuombea ruhusa ya kwenda chooni. Halafu kuna kaka yake Wendy, anayekuja kumtembelea dada yake na kuwakejeli wenyeji wake kwa mataifa yao, hata anamwigizia Hitler yule Mjerumani. Mjerumani wetu, pale jikoni, hakucheka. Alitazama mezani mpaka sehemu ile ikapita.

Sasa nieleze yaliyonikera.

La kwanza ni njaa, maana katika sinema ile hakuna mwenye njaa. Wanalalamikia kodi ya nyumba, ni kweli, lakini lalamiko lenyewe linapita kama wingu la Septemba, halina mvua. Hakuna anayehesabu fedha mezani usiku. Hakuna anayetakiwa kutuma chochote nyumbani. Nami nilikuwa na daftari ambamo niliandika kila senti, hadi bei ya kitunguu.

La pili ni wenyeji. Vijana wale wanakaa mwaka mzima katika mji wa watu, na mwisho wake sisi watazamaji hatujamfahamu jirani yao hata mmoja. Mji umekuwa pazia zuri la nyuma la kupigia picha. Hapo nilijikumbuka tena, ila sikukiri.

La tatu ni adabu. Xavier alipofika hana pa kulala, daktari yule alimpa kochi lake na sahani yake. Naye akalipa kwa kumtongoza mke wa daktari na kumpata. Sisi tunasema umekula chumvi ya mtu. Si kwamba kwetu jambo hilo halitokei. Linatokea, lakini linapotokea nyumba inavunjika, ukoo unakaa kikao, na ng'ombe wanahama zizi. Katika sinema linapita kama mafua. Kijana amejifunza mapenzi, basi, tusonge mbele.

La nne ndilo lililonichoma. Xavier anarudi Paris, anapewa ile kazi ya wizarani aliyoihangaikia. Siku ya kwanza kazini anaangalia ofisi, anawaangalia watumishi wenzake, kisha anatoka nje mbio, anakimbia barabarani akaandike vitabu. Watu wote jikoni walipiga makofi. Watazamaji wawili tu hatukupiga, mimi na yule bwana wa Indonesia. Tuliangaliana. Yeye na mimi tulikuwa ndio hao watumishi wanaokimbiwa! Na ofisi ile inayoonekana kama jela, kwetu ndiyo iliyotulipia nauli.

Taa zilipowashwa nikasema waziwazi kwamba sinema imenivunja moyo. Nikatoa hoja zangu zote nne, kwa mpangilio, kama mtu anayesoma muhtasari wa kikao. Nikamaliza kwa kusema kwamba hawa vijana hawakufundishana kitu, walikaa tu pamoja.

Kukawa kimya. Kisha yule msichana wa Kifaransa akaniuliza kama najua maana ya jina la sinema. Akanieleza kwamba katika lugha yao ni msemo. Nyumba ya wageni ya Kihispania ni ile ambayo mgeni hakuti chakula humo isipokuwa kile alichokuja nacho mwenyewe. Hapo kijana mmoja wa Hispania, wala si kwa ubaya, akasema: "Kaka, wewe umekaa nasi miezi mitano. Tumekula chakula cha kila mtu katika korido hii. Chako hatujakiona."

Ndugu Mwenyekiti, sikuwa na jibu. Ni kweli nilikuwa nikipika saa tano za usiku, wenzangu wakishalala. Nilikuwa na sababu mbili. Nilikuwa nadunduliza posho nipate mabati ya nyumba ya mama, na niliona kwamba ukianza kuwakaribisha watu tisa, mabati yanayeyuka. Tena niliona haya. Nilifikiri wataukodolea macho ugali wangu kama walivyoukodolea macho mkono wangu siku ya kwanza nilipokula bila uma. Na chini ya kitanda, ndani ya begi, nilikuwa na mfuko wa michembe aliyonifungashia mama, nimeufunga kwa kamba mara mbili. Miezi mitano nilikuwa naila peke yangu kama mwizi.

Usiku ule sikulala vizuri, na kilichoninyima usingizi hakikuwa Uholanzi. Nililikumbuka bweni letu.

Mimi niliingia kidato cha kwanza mwaka 1994 na kumaliza cha sita mwaka 2000. Wenzangu wa rika hilo mnakumbuka kwamba tulipofika kidato cha tano walipangwa pamoja nasi vijana kutoka kila pembe ya nchi. Kitanda cha juu yangu alikuja kijana wa Kilwa. Alikuwa hajapata kuona pamba shambani, wala kusikia Kisukuma. Wiki ya kwanza tulipomwambia kwamba wimbo wa wacheza ngoma wa Bagalu ni wa kumroga yeye, alisadiki. Sisi wa hapa jirani tulikuwa na tranka zilizojaa: michembe, karanga, hata asali. Nyumbani kwa yule kijana kulikuwa mbali mno, na alikuwa hana tranka ya kujaza. Jioni, uji wa shule ulipokuwa mwepesi, nilikuwa nikifungua tranka yangu nikiwa nimeipa mgongo wangu, nikijua wazi kwamba yuko macho juu yangu, anasikia kufuli.

Muhula wa pili akaugua malaria kali. Zamu ya kumpeleka hospitali ikatuangukia watatu: mimi, Mhaya mmoja na Mkurya mmoja. Tukamkalisha juu ya baiskeli, tukaisukuma kwa miguu usiku, tukipokezana kumshikilia asianguke. Njiani aliomba kitu cha kula. Mkurya akaingiza mkono mfukoni, akatoa kipande cha muhogo alichokuwa amejiwekea. Mimi mfukoni nilikuwa na ufunguo wa tranka. Huo ndio niliokuwa nao.

Kijana yule alipona. Yuko hapa leo, ameketi safu ya nyuma, na jina lake silitaji kwa sababu ataomba fidia. Tangu usiku ule tranka yangu haikufungwa tena mpaka tulipomaliza shule. Nilidhani somo hilo nimelifaulu moja kwa moja. Kumbe miaka 12 baadaye, nikiwa mtu mzima mwenye shahada ya Mlimani, nilikuwa nimelisahau, nikaifunga tena kule Uholanzi, kisha nikaketi kuwahukumu vijana wa watu kwamba hawafundishani kitu.

Jumamosi iliyofuata niliipika michembe yote iliyobaki. Niliichemsha na karanga za kusaga nilizonunua katika duka la Wasuriname, nikaiweka mezani saa moja ya jioni. Mchina aliomba aongezewe. Mtaliano alisema, kwa adabu, kwamba ni chakula cha kipekee, na sahani yake akaiacha nusu. Mpoland akasema nyumbani kwao bibi yake hukausha uyoga na tufaha kwa majira ya baridi, akaeleza habari za bibi huyo kwa saa nzima. Mjerumani akasema jambo alilokuwa hajalisema tangu ile sinema: namna anavyojisikia kila mtu anapomfanyia ule mzaha wa Hitler. Mabati ya mama yalichelewa miezi mitatu. Hakulalamika.

Ndugu zangu, msije mkadhani Wazungu ndio waliobuni jambo hili la kuwachanganya wanafunzi. Erasmus ilianza mwaka 1987, kwa nchi 11 na wanafunzi 3,244 katika mwaka wake wa kwanza. Lakini sisi tulikuwa na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki tangu mwaka 1963, chenye vyuo vitatu: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Katika miaka yake ya mwanzo, Mtanzania aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, na Mkenya au Mganda aliyetaka sheria alikuja Dar es Salaam, ambako masomo ya sheria yalikuwa yameanza mwaka 1961. Walilala mabweni mamoja, wakala meza moja, wakabishana siasa hadi alfajiri. Yoweri Museveni wa Uganda alikuwa Dar es Salaam kuanzia mwaka 1967 hadi 1970. Huo ulikuwa mpango mkubwa kuliko ule wa Barcelona, kwa sababu mtu hakwenda kwa miezi michache, alisoma shahada yake nzima ugenini. Laiti angetokea mtu akautengenezea sinema.

Hata hivyo, lazima tuseme na upande wa pili. Mwaka 1970 chuo hicho kiligawanyika, kila nchi ikachukua chake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera. Mabweni yale hayakutosha kuzuia. Na Ulaya vilevile: Wendy wa sinema alikuwa Mwingereza, tena ndiye aliyekuwa akihangaikia usafi wa nyumba ile, lakini mwaka 2016 nchi yake ilipiga kura ya kutoka, ikatoka katika Umoja wa Ulaya mwaka 2020, na Erasmus nayo ikaiacha.

Basi tusidanganyane kwamba watu wakilala chini ya paa moja watakuwa ndugu kwa nguvu za paa. Sinema ile inakaribia kusema hivyo, na hapo ndipo ilipokosea, ingawa jina lake lilikuwa limekwisha sema kweli yote. Watu wanakuwa ndugu kwa zamu ya kuchota maji, kwa kusukuma baiskeli usiku, na kwa kufungua kile ambacho mtu angependa kukificha. Paa linatoa nafasi tu ya mambo hayo. Lakini pasipo paa, nafasi yenyewe haipo, na hapo ndipo ninapotaka kumalizia.

Tangu mpango wa kupanua elimu ya sekondari ulipoanza mwaka 2004, shule za kata zimeenea kila mahali, na mimi ni miongoni mwa wanaoshukuru. Watoto wanaopata sekondari leo ni wengi kuliko wakati wetu, na anayetaka turudi enzi ile ya shule chache za wateule hajui anachoomba. Lakini mtoto wa kata leo anasoma na watoto wa kata yake. Na yule ambaye kijiji chao kiko mbali na shule hupangishwa chumba mitaani, hicho wanachokiita geto. Anapika peke yake, analala peke yake, ana miaka 14. Wenzangu mnaofanya kazi katika elimu na ustawi wa jamii mnajua vizuri yanayowapata watoto hao, hasa wa kike. Mtoto huyo hana wa kumsukuma kwenye baiskeli akiugua.

Kamati imetuletea mapendekezo mawili kuhusu mchango wetu wa mwaka huu. La kwanza ni kujenga lango la ukumbusho pale shuleni, litakaloandikwa majina yetu. La pili ni kusaidia kumalizia hosteli ya wasichana katika shule ya kata ya jirani, ambayo kuta zimefika kwenye linta na zimesimama hapo misimu miwili ya mvua. Najua wengi wetu tunalipenda lango. Mimi pia ningependa wajukuu zangu walisome jina langu. Lakini nimewaeleza leo mbele ya mke wangu na mbele ya ndugu yangu wa Kilwa jinsi nilivyofunga tranka mara mbili katika maisha yangu. Sitaki kuifunga mara ya tatu.

Naunga mkono hosteli. Naomba tu ijengwe na jiko moja kubwa, wasichana wapangiwe zamu ya kupika, na wapokewe pia watoto wa kata nyingine za Itilima, Maswa, Meatu na Busega kadiri nafasi itakavyoruhusu, ili wachanganyike. Na kwa kuwa nimesema maneno mengi, Ndugu Mweka Hazina aandike kwamba nimetoa mabati 20. Safari hii mama ameniruhusu.

Chakula naona kimeiva, na nimeambiwa michembe ipo.